Njoo Kesho, Kirusi Hiki ni Kikali

Vijana mnaoshinda mbele ya kompyuta, kabla hamjaendelea kusoma mjue kwamba ushauri huu unatoka kwa mtu aliyewahi kuitibu feni kwa dawa ya virusi. Nitafika huko. Nimestaafu ufundi na sasa nafuga kuku hapa Mkolani. Kuku wangu wakiumwa namwita mtaalamu wa mifugo, kwa sababu nimejifunza kwa shida kwamba si kila aliyevaa koti jeupe ni daktari.

Wiki iliyopita Neema, binti wa jirani yangu, alinikuta nikimwaga pumba bandani. Anasoma chuo, mambo ya usalama wa kompyuta. Akaniamkia, nikaitikia, kisha akauliza, "Babu, darasani tumegawanyika. Mtu akigundua kirusi kipya, aandike hadharani kila kitu kuhusu kinavyofanya kazi, au anyamaze ili watu wabaya wasijifunze?"

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, maana kwa mdomo nitaanza kujisifu. Swali lake limempata mtu anayestahili kuulizwa. Mimi nilikosea kwa kunyamaza, na nilipogundua hilo nikakimbilia kukosea kwa kusema. Makosa yote mawili yalikutana siku moja, juu ya meza moja, ndani ya flashi ya mwalimu aliyekuwa anakwenda kumzika mama yake.

Turudi nyuma kidogo. Nilikuwa na kibanda cha ufundi karibu na stendi ya Buzuruga. Intaneti ilikuwa ghali na ya kubahatisha, kwa hiyo kila kitu kilisafiri kwa flashi: mitihani ya shule, kadi za harusi, nyimbo za kwaya, utafiti wa wanachuo. Mtu mmoja alichomeka flashi yake stesheneri hii asubuhi, stesheneri ile mchana, na jioni ofisini kwake. Virusi navyo vilipanda humo humo bila nauli.

Sisi mafundi tulikuwa na desturi yetu ambayo hakuna aliyetufundisha na wote tuliijua. Mteja akileta kompyuta, jambo la kwanza ni kugeuza skrini ili asione. La pili ni kukunja uso. La tatu ni kuandika maneno mengi kwa kasi, hata kama ni jina lako mwenyewe, kisha kushusha pumzi na kusema, "Njoo kesho, kirusi hiki ni kikali." Mteja akishafika barabarani unaandika amri moja ya mstari mmoja, kazi inakwisha kabla chai haijapoa, na kompyuta inakaa hapo hadi kesho ikipumzika kama mgonjwa aliyelazwa. Tulifanya hivyo kwa sababu kulikuwa na sentensi moja tuliyoiogopa kuliko umeme kukatika. Mteja akishaona ulichofanya, atasema, "Kumbe ni hivi tu?" Akishasema hivyo umekwisha. Hatarudi tena, na akirudi atakuja na shemeji yake ambaye naye ameshajua.

Mimi nilizidisha. Nilikwenda mnadani kwenye mitumba nikanunua koti jeupe refu, nikawa navaa kazini. Watu wakaanza kuniita Dokta, na sikuwakataza. Mtoto wa mteja mmoja aliponiona alijificha nyuma ya mama yake akilia kwamba hataki sindano, nami nikaona hiyo ni heshima. Miezi ikapita ndipo muuza nyama mmoja pale stendi akaniambia kwa upole kwamba makoti ya aina ile yanashonwa kwa ajili ya machinjioni. Alisema anayajua kwa jinsi mfuko wa kisu ulivyowekwa. Mimi mfuko ule nilikuwa naweka kalamu.

Mlango wa pili kutoka kwangu alikuwepo Koku. Alitoka Muleba, aliwahi kufanya kazi kwenye ofisi za mradi fulani uliofungwa, akaja Mwanza kufungua stesheneri. Ufundi wangu wa maana wote ulitoka kwake, ingawa wakati ule nilikuwa nawaambia watu kwamba nilisomea. Koku alikuwa na tabia iliyonikera. Alikuwa anageuza skrini upande wa mteja. Anamwonyesha kwa kidole: hapa pana hiki, hapa pana kile, sasa andika wewe. Na kila aliyekuja na flashi yenye tatizo alimwambia maneno yale yale, mpaka mimi mlango wa pili niliyajua kwa moyo: "Usikubali mtu akufomatie, atakufutia kila kitu. Vitu vyako vimo humo, vimefichwa tu."

"Unawafundisha wateja, tutakula nini?" nilimuuliza siku moja.

"Masalu, hivi wewe unatengeneza kompyuta au unapiga ramli?" alinijibu, na akaendelea kupanga karatasi zake.

Sasa ile feni. Mnawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi, wanaingia mpaka kwenye chai. Msimu mmoja karani wa duka la nyavu aliniletea kompyuta iliyokuwa inazimika kila baada ya muda mfupi. Nikageuza skrini, nikakunja uso, nikamwambia kirusi hiki kimetoka mbali na kinashambulia roho ya mashine. Nikakiwekea dawa. Mashine ikazimika. Nikaweka dawa nyingine. Koku alipita kuomba gundi, akasikiliza mashine inavyonguruma, akachukua bisibisi yangu mwenyewe akafungua ubavu wa mashine. Feni ilikuwa imeshindiliwa wadudu wa ziwani mpaka haizunguki. Akawakung'uta juu ya meza yangu, mbele ya karani.

"Kirusi chako kina mabawa," alisema.

Karani alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, kicheko cha mtu anayetafuta pa kutokea. Lakini msidhani nilijifunza. Kesho yake koti lilikuwa mwilini kama kawaida.

Kilichonikamata ni flashi nyekundu. Niliivaa shingoni kwa kamba, ndani yake nimeweka antivairasi, na hiyo ndiyo ilikuwa mkoba wangu wa dawa. Nilikuwa naitwa huku na huko: mashuleni, maofisini, stesheneri za Mkolani, hata ng'ambo ya Busisi kwa kivuko cha Kigongo, maana daraja halikuwepo. Ninafika, ninachomeka, ninatibu, ninaondoka nikisindikizwa. Nilichosahau ni kwamba dawa ile nilikuwa sijaihuisha kwa muda mrefu kwa kuonea uchungu bando, na flashi yenyewe haikuwa na kinga yoyote. Kirusi kipya kilipokuja, dawa yangu haikukijua. Kilipanda shingoni kwangu mapema kabisa, nikaanza kukisambaza mji mzima kwa usafiri wangu mwenyewe.

Kirusi hicho kilikuwa na akili. Kinachukua folda zako na kuzificha, kisha mahali pake kinaweka shotikati, yaani njia ya mkato, yenye jina lile lile. Wewe unabofya ukidhani ni folda yako. Kinajiamsha, kinajinakili kwenye kompyuta, halafu kwa adabu kinakufungulia vitu vyako ili usishtuke. Baadaye, dawa mbovu kama yangu ikifuta ile shotikati, mlango unaondoka na vitu vinabaki vimefichwa. Hapo ndipo watu wanapiga kelele kwamba kila kitu kimefutika.

Na hakuna fundi aliyesema. Kila mmoja wetu alikiona kwenye mashine zake akanyamaza, kwa sababu kukiri kwamba kwako kuna kirusi ni kufunga duka. Mteja akilalamika tulimwambia, "Umekitoa kwa jirani." Jirani naye alisema hivyo hivyo. Laiti tungekaa hata mara moja kulinganisha tulichokiona, tungekikomesha mapema. Badala yake mimi nilikuwa naitwa kila kona, nikawa nashangaa jinsi nilivyo na bahati: kila ninapotoka, baada ya siku chache wananiita tena.

Koku ndiye aliyegundua, na hakutumia mtambo wowote. Alikuwa anawauliza wateja swali moja tu, "Kabla ya hapa ulipita wapi?" Wengi wakajibu kwamba walikuwa kwa Dokta, au Dokta alikuja kwao. Akaja kibandani kwangu, akanyoosha mkono. "Nipe hiyo ya shingoni." Aliichomeka kwenye kompyuta chakavu aliyokuwa ameitenga kwa mambo kama hayo, akanigeuzia skrini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kugeuziwa skrini kama mteja. Shotikati zilikuwa zimejipanga humo mpaka chini.

Niliona aibu, na aibu kwangu huwa haikai, inageuka kuwa bidii. Bidii yangu ndiyo hatari zaidi. Nilitangaza kwamba kuanzia sasa hakuna siri. Nikawaita mafundi wote ninaowafahamu kwenye hoteli moja ya samaki sato pale Buzuruga, nikaagiza kwa gharama yangu, nikasimama kuhutubia. Nilieleza kirusi kile kuanzia kuzaliwa kwake: kinavyoingia, kinavyojificha, kinavyojinakili, kila ujanja. Koku alikuwa amekuja, ameketi karibu na mlango.

Pascal, fundi wa Mkolani, alinyoosha mkono. "Dokta, haya ukiyatangaza hadharani, kesho atatokea mtu atengeneze kikali zaidi. Na mteja naye akijua, sisi tutabaki kufagia."

"Ni kweli kuna ya kutangaza na ya kutotangaza," Koku alisema. "Mwambie mtu mwizi aliingia dirisha gani, na dirisha linafungwaje. Usimletee mwizi mwenyewe nyumbani."

Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Kisha nikafungua mfuko nikaanza kugawa sidii. Kila fundi alipata yake. Ndani nilikuwa nimeweka kirusi chenyewe, kizima, kinapumua, ili kila mmoja akakichunguze kwa nafasi yake.

"Masalu, umegawa nini?" Koku aliuliza.

"Elimu," nilimjibu.

Alishika paji la uso. Akasimama kuwaambia wenzetu wasizifungue, lakini wakati huo huo sato alikuwa anaingia, amekaangwa vizuri, na fundi mwenye njaa hasikilizi. Nami nilikuwa bado sijafika kwenye sehemu ya tiba. Nilijiambia nitaieleza baada ya kula. Baada ya kula watu walinawa, wakashukuru, wakatawanyika. Nikaenda nyumbani nikijiona mtu mkubwa. Nilikuwa nimewapa ugonjwa, nimewapa historia ya ugonjwa, na dawa nimebaki nayo.

Pascal, yule yule aliyeogopa kutangaza, aliifungua sidii yake kesho yake ili aone tu.

Siku iliyofuata, asubuhi, simu yangu iliita. Ni Pascal, anaongea kwa sauti ya chini. Alikuwa na mteja, mwalimu Salome, ambaye mimi na Pascal sote tulimjua kwa sababu ya kutuletea mitihani ya kuchapisha. Mama yake alikuwa amefariki, na msafara wa kwenda kuzika Sengerema ulikuwa umesimama nje ya duka na jeneza likiwa garini. Salome alitaka jambo moja, picha ya mama yake ichapishwe ili iwekwe kwenye fremu itakayotangulia mbele ya jeneza. Mama yule hakuwa mtu wa kupenda kupigwa picha. Ilikuwepo moja tu, Salome aliipiga kwa simu ambayo baadaye iliibwa, na nakala iliyobaki ilikuwa kwenye flashi. Pascal ameichomeka kwenye ile mashine aliyofungulia sidii, dawa yake imefuta shotikati, na folda imetoweka.

"Nimemwambia nifomati kwanza halafu nitajaribu kuitafuta," Pascal alisema. "Amekataa. Ameishika flashi mkononi, hataki hata niiguse. Anasema dada mmoja wa Buzuruga aliwahi kumwambia asikubali."

Nilitoka mbio mpaka kwa Koku nikamweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Hakunigombeza. Alikunja laptopu yake akanipa. "Chukua hii, ni safi. Hiyo nyekundu iache hapa." Nikaivua shingoni nikaiweka juu ya meza yake, nikapanda bodaboda.

Kutoka Buzuruga hadi Mkolani nilikuwa naomba Mungu kwa sauti, mpaka dereva akauliza kama ninaumwa. Nilipofika niliona magari yamepanga pembeni mwa barabara, akina mama wa kwaya wamekaa ndani wameacha kuimba. Ndani ya duka, mjomba wake Salome alikuwa kwenye benchi, fremu imelala mapajani mwake, kioo kimefutwa vizuri na hakuna kitu ndani. Salome alikuwa amesimama kando yake, ngumi amekaza.

"Shikamoo, mzee. Poleni sana na msiba," nilimwambia mjomba.

"Marahaba. Tumeshapoa," alijibu, kisha akamgeukia Salome. "Mwanangu, kivuko hakitatungoja na kule watu wamekaa juani. Kama picha haipo, twende. Mama yako tunamjua sura."

"Wajukuu wengine hawamjui, mjomba," Salome alisema. "Wale wa Geita hawajawahi kumwona."

Nilifungua laptopu mezani. Alinipa flashi yake polepole, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga kwa mgeni. Nikaichomeka. Mkono wangu wa kushoto, kwa mazoea yake, ukaanza kuigeuza skrini upande wangu. Nikauona mkono wenyewe ukifanya hivyo. Nikairudisha skrini upande wa Salome na kumwita asogee.

"Mwalimu, picha haijafutika. Imefichwa. Nitaandika amri ya kuiambia ijionyeshe."

Nikaandika, nikakosea. Nikafuta, nikaandika tena, nikakosea. Amri niliyoiandika kwa miaka mingi nikiwa nimewageuzia watu mgongo, sasa nimekaa mbele ya macho ya mtu nashindwa. Pascal alikohoa.

"Fundi, sogea," Salome alisema. "Nisomee, niandike mimi."

Nikasogea. Nikamsomea herufi moja moja, yeye anaandika kwa utulivu wa mtu aliyechapa mitihani ya shule nzima. Nilimweleza kila kipande kina kazi gani: hiki kinaondoa kuficha, hiki kinagusa folda zote zilizomo. Akabonyeza. Mistari michache ikapita. Tukafungua flashi upya, na folda zikawa pale, nyepesi kwanza kisha zikakolea, zikiwemo za mitihani na moja iliyoandikwa Mama.

Alibofya. Bibi mmoja akatokea amekaa kwenye kigoda na ungo wa maharage mapajani, kitambaa kimepinda kichwani, anacheka na kunyoosha mkono kumkataza anayempiga picha. Salome aliweka kiganja mdomoni. Mjomba alisimama, akainama mpaka pua ikakaribia skrini, akasema, "Ndiye. Ndiye huyo dada yangu, hataki."

Machozi yalinitoka, siwafichi. Nilihamisha ile picha peke yake kwenye kadi ya kamera, nikamkabidhi Pascal aichomeke moja kwa moja kwenye printa, isipite kwenye kompyuta yake, na Pascal akaichapisha kwenye karatasi yake nzuri kuliko zote. Mjomba akaiingiza kwenye fremu, akaifunga nyuma kwa kucha. Nje, akina mama walipoiona wakaanzisha wimbo.

Basi, Neema, utaona ninachojibu. Mwambie kila mtu kinachomtokea na namna ya kujiokoa, mapema, kwa lugha anayoielewa, tena uanze na tiba kabla ya sato. Mafundi wenzako waeleze zaidi, kadiri wanavyohitaji kuziba tundu. Kirusi chenyewe usikigawe kama pipi. Katikati hapo kuna mambo ambayo mpaka leo siyajui, na nyinyi mtabishana. Bishaneni, lakini mumkumbuke aliyeshika fremu tupu.

Imebaki sehemu moja, na ningependa kuiruka. Salome alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama, akaitazama laptopu, akanitazama mimi.

"Fundi, kumbe ni hivi tu?"

Ile sentensi niliyoikimbia maisha yangu yote. Niliisubiri iniume, haikuuma.

"Ni hivi tu, Mwalimu."

Akafikiri kidogo. "Sasa miaka yote ile mlikuwa mnatuambia tuje kesho, kwa nini?"

Pascal aliinamia printa yake akajifanya anaitengeneza. Mimi nilisimama pale na koti langu la machinjioni, nikitafuta jibu la kumpa mtu anayekwenda kuzika, mpaka gari la mwisho likawa limeondoka kuelekea Kigongo. Sikulipata. Hata leo, Neema, sinalo.